Kulala kwa Jirani

Mbalamwezi imekolea, mitumbwi ya dagaa imepumzika,
na Bwire kaniletea taa zake arobaini kwenye matenga
hadi kibandani kwangu Kirumba. Zinanuka ziwa.
"Holo, zinazimika saa nane za usiku, betri ingali na nguvu.
Dagaa wanatawanyika, vijana wanabaki kutazama maji."
Nina siku tano. Giza likirudi, zirudi majini.

Kosa ni langu. Mwaka juzi, kwa haraka,
niliandika mstari mmoja wa kupima betri
kama anayekadiria chumvi kwa macho.
Kisha nikazifunga kwa gundi ngumu, maji yasipenye,
nikaacha nyaya mbili tu za kuchajia.
Sasa kwa nyaya hizo hizo
kila chipu lazima ijifute, ijiandike upya, yenyewe.

Lakini programu hukaa kwenye flashi
na husoma humo hatua yake inayofuata.
Flashi ikifutwa haisomeki. Mguu uko hewani,
na ardhi imeondoka.

Mama, unakumbuka tulivyosakafia nyumba ya Mabatini?
Fundi Malale alitutoa wote, hadi paka.
"Simwagi saruji chini ya unyayo wa mtu," alisema,
tukahamia barazani kwa mama Kokulengya
na mkeka, sufuria, ndoo, basi.

Nami nikafanya vivyo. Nikachukua kipande kidogo cha programu,
baiti mia tatu na ushee, kile kijuacho kufuta na kuandika,
nikakinakili kwenye ramu,
nikaiambia chipu: ruka, kakae kule.
Ramu ni baraza ya jirani. Haina mlango wala kumbukumbu ya kesho;
umeme ukikatika inasahau hata jina la mgeni.
Ila kwa usiku mmoja yatosha.

Taa ya kwanza ikafa.
Nilikaa nayo hadi adhana ya alfajiri.
Kumbe ndani ya chipu kuna saa inayobisha hodi
kila sehemu ya elfu ya sekunde,
na orodha ya kuitikia hodi nilikuwa nimeiacha flashi.
Programu ikaikimbilia, haikukuta kitu.
Nikafunga hodi zote. Kimya, mpaka kazi iishe.

Ya pili ikafa vilevile.

Hapo nikakumbuka kiberiti.
Ulikisahau ndani, Mama. Ukanituma usiku,
nami nikakanyaga saruji mbichi. Unyayo wangu wa miaka tisa
upo mpaka leo, kati ya mlango na jiko.
Nikapekua anwani moja baada ya nyingine
na kiberiti nikakiona: kitendaji kidogo cha kuhesabu,
mistari minne tu, kimebaki flashi,
na wenzake waliohamia ramu wanakiita kila mara.
Nikakibeba nacho.

Ya tatu ikazimika, ikanyamaza kwa pumzi mbili
(sikuvuta hata moja),
ikawaka.

Jana giza lilikuwa limerudi.
Nilipanda jabali la nyuma ya nyumba, nikajifunika shuka,
saa saba, saa nane, saa nane na nusu.
Ziwani kulikuwa na taa za watu wengi, zetu sikuzitambua.
Moja ilipotea, moyo ukaniruka,
kisha ikatokea upande wa pili wa kisiwa.

Zile mbili zilizokufa ziko rafuni kwangu.
Bwire kasema nitamlipa polepole, kwa kumchajia betri.
Niliposhuka niliingia ndani bila viatu,
nikaweka mguu wangu juu ya ule mdogo.
Kisigino hakienei tena.